Kitabu cha Ubatizo na Siri ya Wazee

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mashamba, za shule na za malezi ya watoto. Leo naleta swali lisilohusu jembe wala chaki, lakini limeninyima usingizi tangu wakati wa masika. Swali ni hili: mtu akifungua vitabu vya zamani vya kanisa, akakuta humo jambo ambalo watu wa nyumba yake walilificha, je, ana haki ya kulitoa nje? Na akilinyamazia, huku akisikia uongo ukisemwa mahali pake, je, hakushiriki uongo ule?

Sababu yake ndiyo hii. Baba yangu mkubwa, ambaye sasa ndiye mzee wa nyumba yetu, aliazimia kulijenga upya kaburi la babu wa babu yangu lililo huku Uluguru, maana mvua zimelila hata limebaki rundo la mawe. Ndugu wote wakatoa fedha. Fundi wa kuchonga jiwe akapokea nusu ya malipo, akapewa na maneno ya kuandika: jina la marehemu, na chini yake, mwana wa mtemi wa Unyamwezi. Maana ndivyo tulivyosimuliwa sote tangu utoto, ya kuwa mzee huyu alishuka kutoka bara akiongoza msafara wa pembe, akafika Bagamoyo, akawasikia mapadre wakifundisha, akaiacha mali ya babaye akabatizwa. Ilikosekana tarehe moja tu, ya ubatizo wake. Baba mkubwa akaniita akasema, "Mwanangu, wewe ulisomeshwa na mapadre, na Kilatini nacho wakijua kidogo. Nenda kanitafutie siku aliyobatizwa babu, fundi apate kuichonga." Nikaitika, nikaenda. Sikudhani ya kuwa nimetumwa kuleta kitu kizito kuliko jiwe lenyewe.

Yafaa kwanza niseme habari ya vitabu hivi, maana wengi wetu huvikumbuka siku ile tu tunapotaka cheti cha kufungia ndoa. Huko Uingereza amri ya kuandika ubatizo, ndoa na maziko katika kila parokia ilitolewa mwaka 1538 na Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Trento uliamuru mwaka 1563 kila paroko awe na kitabu cha ndoa, na sababu yake yastahili kukumbukwa. Wanaume walikuwa wakioa kwa siri bila shahidi, kisha wakichoka humkana mke na kuoa mwingine mbele ya watu, na yule wa kwanza hana wa kumsemea. Basi kitabu kile kiliwekwa kwa ajili ya mnyonge, apate mahali ambapo jina lake halifutiki kwa maneno ya mwenye nguvu. Mwaka 1614 kitabu cha ibada cha Roma kikataja vitabu vitano vya parokia: cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa, cha hali ya waumini nyumba kwa nyumba, na cha waliokufa. Tena tangu mwaka 1908 ikawa sheria kwamba mtu akifunga ndoa, habari hiyo iandikwe pia pembeni mwa ubatizo wake. Kwa hiyo atafutaye wazee wake asisome katikati ya ukurasa tu; pembeni mna njia.

Mimi nilikwenda kwa njia hiyo. Ubatizo wa babu yangu ulinionyesha majina ya babaye na mamaye. Ndoa ya hao ikanionyesha parokia alikobatizwa babaye. Na ubatizo wa huyo ukasema ya kuwa wazazi wake wote wawili ni Wakristo waliotoka Bagamoyo. Yasemwa kwa maneno machache, lakini ilikuwa kazi ya siku nyingi. Kwetu mtoto huchukua jina la babaye kuwa la pili, basi jina la nyumba hubadilika kila kizazi, na mtu akitafuta jina moja tangu juu hata chini atapotea. Tena mapadre wa kwanza walikuwa Wafaransa, na masikio yao yalikuwa ya Kifaransa. Uzigua waliandika Ouzigoua, Ukami wakaandika Oukami. Atafutaye chini ya herufi U atarudi mikono mitupu. Nayo tarehe iliyoandikwa si ya kuzaliwa bali ya kubatizwa, na kwa mtu mzima au mtoto mkubwa tofauti yake yaweza kuwa miaka mingi.

Hata nikafika kwenye kitabu cha Bagamoyo. Misioni ile ilianzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Roho Mtakatifu waliokuwa wamekaa Unguja tangu 1863. Nilimkuta babu yetu katika mwaka 1871, mkesha wa Pasaka, katika orodha ya watoto kumi na mmoja waliobatizwa siku ile moja. Jina la mtakatifu. Kisha jina jingine moja fupi, la kwao, lililoandikwa kwa namna ambayo hata sasa sijui litamkweje. Umri, kadiri ya miaka minane. Kabila, Nyasa. Kisha maneno ya Kilatini, ex parentibus ignotis, maana yake, wa wazazi wasiojulikana. Na mwisho neno moja: redemptus.

Nilikaa na neno hili la mwisho muda mrefu, kidole changu kikiwa juu yake kama mtoto wa darasa la kwanza. Maana yake ni aliyekombolewa, nalo ndilo neno tunalolitumia kanisani tukimtaja Mkombozi. Lakini hapa limetumika kwa maana yake ya sokoni. Kabla ya tarehe 5 Juni 1873, siku ambayo Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, mapadre walikuwa wakinunua watoto katika soko la Unguja na kuwapeleka Bagamoyo. Neno Nyasa nalo si kabila moja. Ndivyo walivyoitwa watu wengi waliokamatwa upande wa ziwa, wakateremshwa Kilwa, wakapakiwa majahazini kuletwa Unguja. Babu wa babu yangu hakuongoza msafara. Alifungwa ndani ya msafara, naye ni mtoto wa miaka minane.

Mengine yalikuwa rahisi kuyafuata. Mapadre waliwalea watoto hao kwa kengele, ya sala, ya shamba na ya darasa. Nao walipokuwa wakubwa wakaozwa wasichana waliolelewa na masista, ambao nao walikombolewa. Kisha wengine wakapelekwa bara wawe mbegu ya misioni mpya, kama ya Mhonda mwaka 1877 na ya Morogoro mwaka 1882. Huyu wetu aliletwa Morogoro pamoja na mkewe. Mwana wao akaoa Mluguru. Na hapa ndipo nilipofahamu jinsi siri yenyewe ilivyoweza kukaa kimya namna hii, wala mtu asiulize. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mamaye. Wajukuu wa yule mtoto wa sokoni walizaliwa na ukoo kamili, wenye ardhi yao na mwiko wao. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza upande wa pili. Pale palipokuwa patupu, mtu fulani akapajaza mtemi.

Basi, je, ninene au ninyamaze?

Wako watakaosema nyamaza, nao si wapumbavu. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, lakini sheria haikomeshi ulimi. Nimepata kuwapo katika kikao cha posa, mzee mmoja akauliza kwa sauti ya upole kijana huyu babu zake walitoka wapi, na wote waliokuwapo walijua anauliza nini. Posa ile haikuendelea. Basi mzazi aliyewaambia wanawe ya kuwa ni uzao wa mtemi hakusema hivyo kwa kiburi. Alikuwa akiwavika nguo. Kumvua mtu nguo aliyovikwa na mzazi wake si jambo la kujivunia, hata kama nguo yenyewe ni ya kuazima. Tena Paulo alimwonya Timotheo juu ya hadithi na nasaba zisizo na mwisho, zinazoleta mashindano tu. Kama nasaba hazina faida, kwa nini nivuruge amani ya nyumba kwa ajili ya mstari mmoja wa wino?

Nalipima neno hili kwa siku nyingi, wala sijalitupa lote. Lakini naona linachanganya mambo mawili. Kunyamaza ni jambo moja. Kuchonga ni jingine. Laiti baba mkubwa angalitaka jiwe lenye jina tu, huenda ningempa tarehe nikarudi zangu darasani. Hadithi ya jioni husimuliwa na kusahauliwa, na kila msimulizi huongeza chumvi yake, na wote wajua ya kuwa ni chumvi. Jiwe halina tabasamu. Watoto wa watoto wetu watalisoma kama Kweli, na yule mtoto wa miaka minane atakuwa amefukiwa mara ya pili, safari hii na jamaa zake mwenyewe.

Tena nikajiuliza, siri hii ni ya nani? Maana mtu ana haki juu ya siri yake mwenyewe, na kama babu yule ndiye aliyeificha, ningeogopa kumpinga kaburini. Nikarudi kwenye kitabu cha ndoa. Huko aliandikwa akiwa kijana mzima, mwenye kusema Kiswahili na kujibu kwa kinywa chake, na mahali pa wazazi pameandikwa tena yaleyale, hawajulikani. Angaliweza kumwambia padre, mimi ni mwana wa mtemi, nani angalimkanusha? Mtu atasema labda padre alinakili tu kutoka kitabu cha kwanza. Yawezekana. Lakini kijana yule alikaa kijijini pamoja na wenzake waliotoka soko lile lile, na kila mmoja alijua habari za mwenziwe. Katika kijiji chao hapakuwa na wa kumficha. Aibu ilianza baadaye, kwa wale waliozaliwa huru.

Na aibu ni ya nani hasa? Mtu akiibiwa ng'ombe, hatumcheki aliyeibiwa. Lakini mtu akiibiwa yeye mwenyewe, twamcheka yeye na wajukuu wake hata kizazi cha nne, na mwizi hatumtaji. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote katika vitabu vile. Aliyekamatwa ameandikwa, aliyemnunua na kumbatiza ameandikwa, lakini aliyemkamata na aliyemuuza hawamo. Hakuna parokia yenye kitabu cha wauzaji. Wajukuu wao wako, maana watu hao nao walioa na kuzaa. Wengine bila shaka ni jirani zangu, na kwa upande mwingine wa damu yangu labda ni mimi. Wao hawana kitabu cha kufungua, kwa hiyo hulala usingizi. Yule mzee wa kikao cha posa aliyeuliza kwa sauti ya upole, angejibu nini kama angeulizwa babu zake walipata wapi bunduki zao?

Wala sitaki mtu adhani ya kuwa nawafanya mapadre malaika. Fedha iliyomtoa mtoto sokoni iliingia mfukoni mwa muuzaji, na mtoto aliyekombolewa hakuulizwa kama ataka kengele ile, wala mke yule, wala safari ya Morogoro. Hata hivyo walifanya jambo moja ambalo sokoni halikufanywa. Walimwuliza jina. Wakaliandika, kwa masikio yao ya Kifaransa, vibaya labda, lakini wakaliandika. Na kwa sababu hiyo mimi niliweza kumwona.

Maandiko yenyewe yana sauti mbili katika habari hii, na kila moja ina mahali pake. Katika kitabu cha Ezra twasoma juu ya watu waliorudi kutoka Babeli wakitaka ukuhani. Wakatafuta majina yao katika orodha za vizazi, hayakuonekana, wakaondolewa katika ukuhani kama watu najisi. Nilipokuwa mwanafunzi sura ile ilinichosha kwa majina yake. Sasa nawaona watu wale wamesimama mbele ya karani, naye anafunua, anafunua, kisha anatikisa kichwa. Lakini katika barua kwa Waebrania, Melkisedeki asiye na baba wala mama wala ukoo anatajwa kuwa mkubwa kuliko Ibrahimu. Na Mathayo, alipoandika orodha ya wazee wa Bwana wetu, angaliweza kuisafisha. Aliwaacha humo Tamari, na Rahabu wa Yeriko, na Ruthu mgeni, na yule aliyekuwa mke wa Uria, ambaye hata jina lake hakulitaja bali la mume aliyeuawa, ili tusisahau kosa la Daudi. Mwandishi huyo alijua mahali pa kuchonga mtemi, naye hakuchonga.

Tena neno lile, wasiojulikana. Kitabu hakikusema ya kuwa mtoto yule hana wazazi, wala kwamba wazazi wake walikuwa watu duni. Kilisema hawajulikani kwa mwandishi. Huko upande wa ziwa alikuwako mama ambaye kwake mtoto huyu hakuwa na umri wa kadiri ya miaka minane; alikuwa na mvua aliyozaliwa na jina alilopewa kwa sababu. Huenda babaye alikuwa mtemi kweli, maana watoto wa watemi nao walikamatwa. Sijui. Najua tu ya kuwa kumzulia baba wa Unyamwezi ni kumnyang'anya tena yule baba aliyekuwa naye.

Basi nilikwenda kwa baba mkubwa siku ya Jumapili baada ya misa. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Umeileta tarehe?" Nikamwambia nimeileta, pamoja na mengine, nikamsomea yote kwa Kiswahili polepole. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Nilikutuma tarehe." Nikasema, "Ndiyo, baba." Akarudia, "Tarehe tu." Kisha akainuka akaenda kutazama mbuzi wake, nami nikakaa barazani peke yangu hata chai ikapoa.

Siku kumi na mbili hakuniita. Habari zikaanza kutembea, wala si kwa kinywa changu, na ndugu mmoja akatuma mtu kudai arudishiwe mchango wake, akisema yeye alichangia kaburi la mwana wa mtemi. Nilijuta. Nasema kweli mbele yenu, ya kuwa siku zile nilitamani ningalikuwa sijui Kilatini. Kumwambia mtu kweli iliyo sawa wakati asiouchagua ni namna ya kumpiga, na baba yangu mkubwa ni mzee wa miaka zaidi ya sabini. Pengine ningaliweza kungoja, au kumwita mamangu mkubwa akae karibu naye, au kuanza na yale mazuri. Neno lenyewe silijutii, bali namna nilivyolisema, kama mwalimu anayesahihisha daftari.

Siku ya kumi na tatu akaja mwenyewe shuleni, kwa miguu. Akaketi chini ya mwembe mpaka kengele ya mwisho. Akaniambia amekwenda kwa fundi; yale maneno ya mtemi yameondolewa, na fundi hakudai zaidi kwa kuwa alikuwa hajaanza kuyachonga. Jiwe litakuwa na jina la ubatizo, na lile jina jingine la kwao kama lilivyoandikwa, hata kama hakuna ajuaye kulitamka. Na chini yake, Alibatizwa Bagamoyo, mkesha wa Pasaka, 1871. Juu ya ndugu yule akasema, "Nitamrudishia fedha yake. Nitauza mbuzi."

Kisha akanyamaza. Baadaye akauliza, "Siku ile, aliyemsimamia alikuwa nani? Mtoto hasimami peke yake mbele ya maji." Nikafunua daftari langu, maana nilikuwa nimenakili na hilo pia bila kulifikiri. Alikuwa mwanamke, Mkristo wa misioni, mwenye jina moja tu kama wao, bila jina la baba. Naye siku ile alisimamia watoto watano kati ya wale kumi na mmoja. Nikamtajia. Akalirudia jina lile mara mbili, kama mtu anayelionja. Akaniuliza kama huyu naye ana kaburi.

Sikuweza kumjibu. Shule zikifungwa narudi Bagamoyo, kukifungua kitabu cha waliokufa.